Waya Mmoja Tu, Bosi

Hongera. Kama unausoma mwongozo huu, wewe ni miongoni mwa wachache waliobaki na gari la kabureta katika jiji ambamo hata kijana aliyeajiriwa juzi anatembelea IST. Pengine ni Beetle uliyorithi kwa mjomba. Pengine ni Datsun 1200 inayobeba mifuko ya saruji Mbagala, au Peugeot 504 pikapu, au Corolla DX ya namba A ambayo hutaki mtu aiguse. Asubuhi linagoma kuwaka. Umelipeleka gereji bubu ya jirani, fundi ameinua boneti, ametazama juu ya kabureta, amefuta mikono kwa kipande cha fulana, kisha amekwambia kwa upole: "Choki hii haipati umeme. Ni waya mmoja tu, bosi."

Hajakudanganya. Choki ya umeme kweli hutaka waya mmoja tu, na hatari yote iko hapo. Kazi ya nyaya kumi humtia mtu hofu, akauliza bei, akalala akiifikiria. Kazi ya waya mmoja hufanyika papo hapo, fundi amesimama, simu ameibana kati ya sikio na bega, na waya wenyewe unaokotwa mchangani.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeamini kwamba waya mmoja hauwezi kukosewa.

Ujue kwanza unachokwenda kukiharibu

Petroli ikiwa majimaji haiungui vizuri; huungua ikigeuka mvuke na kuchanganyika na hewa. Injini ikiwa ya baridi, matone mengi hushindwa kugeuka mvuke yakabaki yameng'ang'ania chuma, kwa hiyo silinda hupata mchanganyiko mwepesi usiotosha kushika moto. Dawa yake ni kilango kidogo kilicho mdomoni mwa kabureta. Kikifunga, hewa inapungua na petroli inanyonywa kwa wingi. Hiyo ndiyo choki. Injini ikishapata joto, kilango kinatakiwa kifunguke kabisa, la sivyo gari linaanza kunywa, moshi mweusi unatoka nyuma, plagi zinavaa masizi, na petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda ikiosha oili.

Kwenye Land Rover za zamani kilango hiki kilivutwa kwa mkono kutoka kwenye dashibodi, na ajali yake kubwa ilikuwa ni dereva kusahau kukirudisha. Watengeneza magari wakaamua kumwondolea dereva jukumu hilo. Beetle, kwa mfano, zilianza kuja na choki ya kujiendesha yenyewe tangu matoleo ya mwaka 1961. Pembeni mwa kabureta utaona kikombe cheusi cha mviringo. Ndani yake mna springi bapa iliyoviringishwa, imetengenezwa kwa metali mbili zilizoshikamana ambazo hazitanuki sawa zikipata joto. Kando ya springi kuna kipashajoto kidogo cha umeme. Swichi ikiwashwa, kipashajoto kinachemka, springi inajikunjua, na kilango kinafunguka taratibu kwa muda wa dakika chache.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo walio wengi wanapopotea. Choki ya umeme haijui kama injini imepata joto. Haiigusi injini, haiyapimi maji ya rejeta. Inachojua ni kwamba imepewa umeme, na kwa muda gani. Ni saa inayojifanya kipimajoto. Ukiipa umeme injini ikiwa haijawaka, itaamini injini imeshapata moto. Usipoipa kabisa, itaamini ni alfajiri ya Julai hadi jioni.

Je, unaihitaji?

Swali hili fundi hatakuuliza, kwa kuwa jibu lake halina malipo.

Dar es Salaam, asubuhi zenye baridi kuliko zote, za Julai na Agosti, huwa na nyuzi kama 19 au 20 hivi. Katika joto hilo choki ina kazi ya dakika moja au mbili kwa siku. Ndiyo maana gereji nyingi za Tandika na Mwananyamala zilishamaliza mjadala zamani: kilango kinafungwa wazi kwa waya wa kufungia nondo, mwenye gari anafundishwa kukanyaga mafuta mara mbili kabla ya kupiga stata, kila mtu anakwenda zake. Ni ufundi usiopendeza kuutazama, lakini kwa mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni Rangi Tatu hadi Kariakoo, unatosha. Nimelazimika kulikubali hili.

Tabu huja pale ukoo unapopanga harusi Njombe, tena mwezi wa Julai. Kule alfajiri kuna sakitu kwenye majani. Gari lako la pwani, kilango chake kikiwa kimefungwa wazi kwa waya, litakohoa mara tatu, betri itaisha nguvu, na wajomba wa bwana harusi watalisukuma wakiwa na suti. Lushoto nayo itakufanyia hivyo hivyo, ila wasukumaji watakucheka kwa Kisambaa.

Kwa hiyo tuseme unaihitaji, au unataka tu kitu kilichofungwa kiwandani kifanye kazi yake. Ni sababu nzuri pia.

Kununua kikombe

Nenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Muuzaji atakuuliza gari gani, nawe utataja, naye ataleta kikombe cha gari jingine na kusema "hizi zinaingiliana". Tazama mambo mawili tu. La kwanza, ncha ya springi: iwe na umbo la ndoano au kitanzi linalolingana na kile cha zamani, kwa sababu ndiyo itakayoshika mkono wa kilango. La pili, volti. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitumia umeme wa volti 6, na vikombe vyake bado vinazunguka mitaani. Ukikifunga kikombe cha volti 6 kwenye gari la volti 12, hakipati joto maradufu kama unavyodhani. Kinapata mara nne. Utanusa harufu ya bakelaiti, baada ya hapo hutanusa kitu tena.

Moto utoke wapi

Tumefika kwenye kiini. Waya ni mmoja na upande mmoja wa waya huo hauna mjadala: unachomekwa kwenye kikombe. Upande wa pili ndio unaowatajirisha watu.

Fundi mwenye haraka huanzia betri. Iko karibu, ina moto muda wote, haina siri. Matokeo yake choki inapashwa joto usiku kucha wewe umelala. Asubuhi kilango kiko wazi kabisa na injini ni ya baridi, yaani umelipia waya ili kupata kilekile ulichokuwa nacho bure kwa waya wa nondo. Na hiyo ni kama gari litapata nguvu ya kuzungusha stata. Kipashajoto hula kama ampea moja na nusu, karibu sawa na balbu ya indiketa. Betri ya ampea-saa 40 itakauka kwa muda wa saa 27 hivi. Liegeshe Ijumaa jioni, na Jumapili utakwenda kanisani kwa bodaboda.

Akishindwa na betri, anakwenda kwenye koili. Hapa inabidi tuwe waangalifu, kwa sababu jirani yako mwenye Beetle atakuapia kwamba koili ndipo mahali penyewe, na kwa Beetle yake amesema kweli. Wajerumani waliupa namba kila waya wa gari: 30 ni moto wa betri, 31 ni ethi, 15 ni moto unaopitia swichi. Kwenye Beetle, waya wa choki huchukua moto kwenye namba 15 ya koili, na moto huo ni kamili, volti 12. Lakini magari mengi mengine yana rezista iliyowekwa kabla ya koili ili kupunguza umeme injini ikiwa inaunguruma. Hapo kwenye koili unakuta volti 8, au chini ya hapo. Mtu husema volti 8 kati ya 12 si haba, ni theluthi mbili. Joto halihesabiwi hivyo. Theluthi mbili ya volti hutoa chini ya nusu ya joto, na choki itabaki nusu imefunga kuanzia Bunju hadi Posta. Juu ya hayo choki inainyang'anya koili umeme wake, na gari linaanza misi. Utarudi gereji, utauziwa plagi. Wiki inayofuata utauziwa koili.

Kuna pia wanaokosea upande wa koili, wakachomeka kwenye namba 1, kule kunakokwenda kwenye platini. Hao gari haliwaki kabisa, au linawaka kwa shida, na angalau wanajua siku hiyo hiyo kwamba kuna kosa. Nawahesabu kuwa na bahati.

Wa tatu huchukua moto wa redio. Wazo lina akili ndani yake: redio haina moto swichi ikizimwa. Ila redio ina moto hata injini ikiwa haijawashwa. Umeegesha chini ya mwembe, unasikiliza Simba na Yanga, dakika 90 na za nyongeza, injini ya baridi, choki inatokota. Mpira umeisha, unapiga stata, kilango kiko wazi, gari linagoma, na mashabiki wa timu iliyofungwa hawako katika hali ya kusukuma gari la mtu.

Wapo waliounganisha kwenye taa. Choki ikawa inafunguka usiku tu. Sitawajadili.

Mahali panapofaa ni kwenye boksi la fyuzi: tafuta nafasi ambayo haina moto swichi ikiwa imezimwa, inapata volti 12 kamili swichi ikiwa oni, na haikatiki unapopiga stata. Upitishe waya kwenye fyuzi yake yenyewe, ya ampea 10 inatosha. Hiyo ni kazi safi, na magari mengi yameishi nayo miaka mingi. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni wewe: ukiwasha swichi ukakaa unaongea na simu dakika tano bila kupiga stata, saa imeshaanza kuhesabu.

Anayetaka kuishinda hata tabia yake mwenyewe afunge relei. Chini ya relei kuna namba nne. Kwenye 30 ingiza moto kutoka kwenye fyuzi. 87 upeleke kwenye choki. 85 ni ethi. Na 86 uunge na waya wa taa ya chaji unaotoka kwenye altaneta. Waya huo hauna volti za maana hadi altaneta izunguke na kuchaji. Injini ikiwaka, relei inafunga, choki inapata moto. Injini ikizima, inakata. Kwa hiyo saa huanza kuhesabu pale tu injini inapounguruma, na hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo. Ukimweleza fundi mpango huu akakujibu "hayo ni mambo ya kiwandani, bosi", mshukuru, shusha boneti.

Dalili ya fundi wa umeme wa kweli ni ndogo: kabla ya kushika waya anashika mita. Wapo, na baadhi yao walisoma VETA Chang'ombe. Utawatambua kwa kuwa wanakuuliza maswali mengi na mwanzoni wanaonekana hawajui.

Ethi, ambayo haikuhesabiwa

Fundi alisema waya mmoja kwa sababu njia ya kurudi ni chuma chenyewe. Umeme unaingia kwenye kikombe, unapita kwenye kipashajoto, unatoka kupitia pete na skrubu hadi mwili wa kabureta, kisha injini, kisha betri. Kila kiungo hapo kinaweza kukatika. Kabureta yenyewe mara nyingi imekalia gasketi nene isiyopitisha umeme. Halafu anatokea fundi msafi, anaona kikombe kinavuja hewa kidogo, anakata gasketi ya karatasi kutoka kwenye boksi la biskuti na kuipachika chini yake. Kwenye kabureta zinazopata ethi kupitia mwili, siku hiyo choki imekufa, na kila kitu kinaonekana kipya. Mita itaonyesha volti 12 zimefika kwenye waya na watu watatu watakubaliana kwamba tatizo ni kikombe. Vikombe vingine vina ulimi wa pili kwa ajili ya ethi. Kama chako kinao, basi ni nyaya mbili, bosi.

Waya wenyewe, na moto wa aina nyingine

Usikubali waya wa nyumbani. Ule una kiini kimoja kigumu. Umetengenezwa kulala ndani ya ukuta kimya, haukutengenezwa kuruka matuta ya barabara ya Kilwa. Utakatikia ndani ya plastiki, usione. Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba. Rangi pia ina maana, ingawa gari likishapitia mikono ya mafundi watatu wenye roli moja la waya mwekundu, kutafuta rangi ni kujisumbua.

Usiruhusu waya upite juu ya ekzosi. Usiruhusu kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu; joto la boneti huyeyusha gundi yake mapema. Na zaidi ya yote, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Fundi atapenda kuthibitisha kwamba waya una moto kwa kuugusisha kwenye bodi ili nyote muone cheche. Jaribio hilo atalifanyia kiganja kimoja kutoka kwenye bakuli la petroli. Mtungi wako wa kuzimia moto uko chini ya kiti, na mtu wa mwisho kuutazama alikuwa trafiki.

Kufunga kikombe

Pete inashikwa na skrubu tatu. Kosa linaloongoza hapa ni ncha ya springi kutoshika mkono wa kilango. Kikombe kinakaa vizuri, skrubu zinakaza, umeme unafika, springi inajikunjua kwa furaha peke yake, na kilango hakina habari. Kabla ya kukaza, zungusha kikombe kidogo huku ukitazama mdomo wa kabureta. Kilango kisipocheza, fungua uanze upya. Kisha linganisha alama ya kikombe na ile ya katikati kwenye mwili. Injini ikiwa imepoa kabisa, kilango kifunge kwa kugusa tu, bila kubana. Kwa hali ya hewa yetu, ukikosea, kosea upande wa kufunguka mapema.

Jambo jingine ambalo vijana wa IST hawalijui kwa sababu gari lao halijawahi kuwaomba chochote: kilango hakifungi chenyewe asubuhi mpaka ukanyage mafuta mara moja hadi chini na kuachia. Hapo ndipo kinapoachiwa, na hapo ndipo silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapopanda kwa ajili ya kuanzia. Wamiliki kadhaa wamebadilishiwa choki nzima kwa kukosa kukanyaga.

Ambaye hana hatia

Choki ikishafungwa vizuri, itasingiziwa. Gari likizima kila ukiachia mafuta, tazama waya wa ile valvu ndogo ya umeme inayokata petroli ya silensa. Kwenye kabureta nyingi iko jirani na choki, na mafundi hubadilishana nyaya hizi mbili bila nia mbaya. Ukiugusisha waya wake lazima usikie "tak". Gari likiwaka kisha likajaa petroli na kuzima papo hapo, tafuta mpira mwembamba wa vakyumu uliochomoka. Kuna kidiafram kinachotakiwa kukifungua kilango kidogo mara tu injini inaposhika.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haigeuki mvuke kirahisi, na hakuna choki inayoiweza. Uchakachuaji ulipokithiri, EWURA ilianza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Kama bado unanunua petroli ya chupa kando ya njia, usimsumbue fundi.

Kukabidhiwa gari

Fundi atakuita saa tisa alasiri. Atapiga stata mbele yako, gari litawaka kwa nusu mzunguko, atakutazama. Usilipe yote. Gari hilo limewashwa na kuzimwa tangu saa nne. Limepata joto kiasi kwamba lingewaka hata kikombe kikiwa mfukoni mwake. Choki haipimwi alasiri. Inapimwa saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, na saa hiyo fundi yuko kwake Yombo na wewe uko Boko unachelewa kazini. Ndiyo maana ugonjwa huu haupati tiba: kila ukimpelekea gari, umeliendesha hadi pale, limeshapata joto, na yeye kwa haki kabisa anasema haoni tatizo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kulilaza gari gereji, na asubuhi ulihesabie vioo, jeki na tairi la akiba kabla ya kuulizia choki. Ya pili ni kumwomba fundi aje kwako alfajiri, kabla hujagusa ufunguo, mwinue boneti pamoja na mtazame kilango kikifunga, kisha kikifunguka, dakika kwa dakika. Atakubali. Ataomba nauli ya bodaboda. Mtumie akishakuwa juu ya pikipiki.